Waya Watua Mombasa, Kazi Yashuka Nairobi

Mwezi wa Juni mwaka 2009, Rais Mwai Kibaki aliteremka Mombasa kupokea mkongo wa mawasiliano uliotokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukapita chini ya Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 4,500. Uliitwa TEAMS. Serikali ya Kenya ilikuwa imechoshwa na EASSy, mradi wa pamoja wa nchi nyingi uliokwama kwa mabishano ya nani amiliki nini, ikaamua kujitafutia ubia wake. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu mkuu wa Wizara ya Habari, aliusukuma mpango huo wakati wengi walidhani ni ndoto. Mwezi mmoja baadaye SEACOM nayo ikawasha mkongo wake, na mwaka uliofuata EASSy ikamaliza mabishano na kufika.

Kabla ya hapo intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa inapanda setilaiti na kushuka, na kila kampuni ililipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kasi ambayo leo mwanafunzi mwenye bando la siku moja angeicheka. Kwa hiyo shangwe ya mwaka 2009 ilikuwa ya haki. Wanasiasa wa Pwani walisimama wakasema Mombasa imekuwa lango la dunia ya kidijitali.

Lango ilikuwa kweli, na lango ikabaki. Mkongo unapofika ufuoni huingia kwenye shimo la zege lenye kifuniko, kisha hupita chini ya ardhi mpaka jengo lenye mitambo, jenereta na vipoza hewa. Ukipita nje huoni cha ajabu: ukuta, geti, askari mmoja kwenye kibanda. Wanaoajiriwa humo ni wachache. Kutoka hapo nyuzi za kioo hufuata barabara kuu na njia ya reli hadi Nairobi, na Nairobi ndiko zilikofunguliwa ofisi za waandishi wa programu, za wachambuzi wa takwimu, za kampuni za malipo, za mashirika ya kigeni yaliyotaka kituo cha Afrika Mashariki. Mtu wa Kisauni, Mombasa, alipata intaneti ya kasi kwa bei nafuu, na hilo si dogo. Lakini aliyetaka kazi ya kuitumia intaneti hiyo alikata tiketi ya basi la usiku.

Sura hii inahusu tiketi hiyo.

Mkongo wa kwanza kabisa wa baharini kufika pwani yetu ulitua Zanzibar mwaka 1879, wa simu za maandishi, ukiunganisha Aden na kusini mwa Afrika. Ulitua Zanzibar kwa sababu waliouhitaji walikuwa Zanzibar: mabalozi, wafanyabiashara wa karafuu na pembe, baraza la Sultani Barghash. Bei za London na Bombay zilikuwa na maana kwa watu waliokaa umbali wa kutembea kutoka pale waya ulipotokea majini. Wakati huo, pwani ndiyo iliyokuwa na watu wa kuamua. Kati ya 1879 na 2009 watu hao walihama, na kilichowahamisha ni reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Wakati huo mji wa maana wa bara, kwa upande wa utawala wa Kiingereza, ulikuwa Machakos. Palikuwa na ngome, ofisi ya jimbo, soko, na wafanyabiashara wa Kihindi waliokwisha kufungua maduka. Kama ungemwuliza mtu mwenye busara mwaka 1897 ni wapi patakuwa mji mkuu wa bara, angekuonyesha vilima vya Machakos bila kusita. Wahandisi hawakuwa na haja ya vilima. Walipitisha reli kwenye tambarare ya Athi, na mwisho wa Mei 1899 wakafika mahali penye majimaji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe. Mbele yao kulikuwa na mpando mkali wa kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Hapo palikuwa tambarare ya mwisho ya kutosha kuweka karakana, ghala la vyuma na nyumba za mafundi kabla ya kupanda. Makao makuu ya reli yakaletwa kutoka Mombasa. Ofisi ya jimbo ikafuata kutoka Machakos mwaka huohuo. Mwaka 1905 makao ya serikali nayo yakahamia Nairobi.

Watu hupenda kusema kwamba reli ilijenga Nairobi. Kauli hiyo naiona nusu kweli. Reli ilipita mahali pengi: Maji ya Chumvi, Mtito Andei, Kibwezi, Ulu. Treni ilipita kote huko na moshi uleule. Kilichoitofautisha Nairobi ni kwamba hapo ndipo wenye ujuzi waliposhushwa wakakaa: mafundi wa injini, makarani wa hesabu, wapimaji ardhi, waliojua kusoma ratiba na ramani. Karani alihitaji fundi cherehani, fundi cherehani alihitaji duka la vitambaa, mwenye duka alihitaji benki, na benki ikahitaji karani mwingine.

Wachumi watatu, Remi Jedwab, Edward Kerby na Alexander Moradi, waliifuatilia hadithi hii kwa takwimu katika makala waliyochapisha mwaka 2017. Waligundua kwamba miji iliyochipuka Kenya kando ya reli ya wakoloni iliendelea kuwa mikubwa hata baada ya walowezi kuondoka na reli yenyewe kuchakaa. Watu walibaki pale kwa sababu watu wengine walikuwa tayari pale. Upande wa Tanganyika ilikuwa vivyo hivyo. Bagamoyo, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara na makao ya kwanza ya Wajerumani, ulipoteza makao hayo kwa Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu bandari ya Bagamoyo ilikuwa na maji mafupi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ikamalizia kilichobaki.

Sasa rudi kwenye intaneti. Ilipoanza kuenea, wataalamu wengi waliamini kwamba itaua umbali. Kama unaweza kufanya kazi ya Nairobi ukiwa Lamu, nani atakaa Nairobi kupumua moshi wa matatu? Hoja hii ilisikika vizuri makongamanoni, lakini haikutokea. Sababu yake inahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Maarifa ni ya aina mbili. Yapo yanayoandikika: mwongozo wa mashine, sheria, hesabu za benki, programu. Hayo husafiri kwa waya kwa gharama karibu na bure. Halafu yapo yanayokaa ndani ya watu: kujua ni nani wa kumpigia simu mfumo unapoanguka saa nane usiku, kujua mteja huyu hulipa na yule hasumbuki kulipa, kujua kwamba wazo lako lilishajaribiwa na rafiki wa rafiki likashindikana. Haya ya pili hupatikana kwa kukaa karibu, kula chakula cha mchana pamoja, kubadilisha kazi ukavuka barabara tu. Kadiri yale ya kwanza yanavyokuwa rahisi, ndivyo haya ya pili yanavyopanda thamani, kwa kuwa ndiyo pekee yanayobaki adimu. Waya wa kasi unaoingia nchi nzima humpa nguvu zaidi yule aliyekuwa tayari amezungukwa na wajuzi.

Nairobi ilikuwa imezungukwa. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifungua milango yake huko mwaka 1956, kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mwishoni mwa mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliamua kuweka makao ya shirika lake la mazingira, UNEP, mjini humo, na kwa uamuzi huo zikaja ndege za moja kwa moja, shule za kimataifa, wakalimani, mawakili. Mabenki yalikuwa huko. Hata kabla ya mkongo wowote wa intaneti wa baharini, Novemba 2000, kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili isilazimike kuzunguka ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na mdhibiti akakifunga baada ya majuma machache tu. Wenyewe wakapigana mwaka na zaidi, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kuna mikoa isiyo na watu wa kuanzisha ugomvi wa namna hiyo, achilia mbali kuushinda. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, na jukwaa la Ushahidi lilipotengenezwa siku za machafuko ya mapema 2008, mkongo wa bahari ulikuwa bado haujafika. Kituo cha teknolojia cha iHub kilipofungua ghorofa yake Ngong Road mwaka 2010, vijana walioijaza walikuwa tayari wanajuana.

Nisieleweke vibaya: mkongo ulileta ajira. Jonas Hjort na Jonas Poulsen, katika utafiti wa mwaka 2019 uliohusu nchi 12 za Afrika, walilinganisha sehemu zilizokuwa zimeunganishwa na njia za nchi kavu na zile ambazo hazikuunganishwa, kabla na baada ya mikongo ya bahari kufika. Palipounganishwa, ajira ilipanda, hasa ya kazi zinazotaka ujuzi, na wasiosoma sana nao hawakutoka mikono mitupu. Ila lisome tena lile neno: palipounganishwa. Na nyaya za nchi kavu zilipita wapi? Kando ya barabara, kwenye hifadhi ya reli, juu ya nguzo za umeme mkubwa. Zilifuata njia zilizochorwa zamani. Ramani ya mwaka 1901, reli ilipofika Kisumu, haiko mbali na ramani ya faiba.

Mahali pazuri pa kuyaona haya yote kwa macho ni barabara ya Thika. Ilipanuliwa kati ya 2009 na 2012, karibu kilomita 50, hadi njia nane sehemu za mjini. Mwaka uleule waya ulipotua Mombasa, matingatinga yalikuwa Kasarani. Safari iliyokula asubuhi nzima ikawa ya chini ya saa moja, siku ambayo hakuna ajali. Ukihesabu vyuo kando yake utachoka: USIU, Kenyatta pale Kahawa kwenye kambi ya zamani ya jeshi la Kiingereza, Jomo Kenyatta ya kilimo na teknolojia pale Juja, Mount Kenya huko Thika, na vingine vidogo katikati.

Shuka Juja. Kuvuka barabara tu unakutana na ghorofa za hosteli zilizobanana hata nguo za dirisha moja hukauka kwenye dirisha la jirani. Chini ni M-Pesa, saluni, duka la kunakili, kibanda cha chapati na maharage. Mabango ya "Wi-Fi bure" yamekuwa mengi kuliko ya "maji saa 24", na mwenye nyumba anajua kwa nini. Ndani ya vyumba hivyo, usiku, vijana wanafanya kazi za mtandaoni: wengine wanaandika programu, wengine wanatafsiri sauti kuwa maandishi, wengine wanaweka alama kwenye picha ili mashine zijifunze kutofautisha mti na mtu. Na wengine, hili linajulikana ingawa halitajwi kwenye hotuba, wanaandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza ambao watapewa digrii kwa jasho la mtoto wa Murang'a. Uchumi wa maarifa una vyumba vya juu na una jiko la nyuma. Njia nane na faiba zilifika Juja, zikawakuta vijana wenye akili na kodi ya kulipa, lakini waajiri wenye majina walibaki Westlands na Upper Hill.

Kuna jingine la Thika Road ambalo huniuma zaidi. Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa cha tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1985 kilitoa mbegu inayoitwa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, na mkulima wa kahawa wa Kenya anaijua kama anavyojua jina la mkewe. Hayo ni maarifa halisi, yaliyotokana na udongo wa pale. Barabara ilipokamilika, ardhi ya kandokando ilipanda bei kiasi kwamba mashamba ya kahawa yalikatwa ploti. Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000, unajengwa juu ya kahawa ya zamani. Sisemi nyumba hazihitajiki. Nasema mpango haukuwahi kuuliza ni maarifa gani tayari yalikuwa hapo.

Konza ni kisa cha kinyume: pale mpango ulikuwa mwingi na watu hawakuwapo. Mji huo wa teknolojia, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Mombasa, uliingizwa katika Dira ya 2030 na Kibaki akaweka jiwe la msingi Januari 2013, juu ya ekari nyingine 5,000. Kwa miaka mingi msafiri wa basi la Mombasa aliona uwanda, nyasi na bango. Sasa kuna barabara za ndani, kituo cha data cha taifa na majengo kadhaa, na haitakuwa haki kuuita mji hewa. Lakini Konza ni mwendo mfupi tu kutoka Machakos, mji ule ulioachwa na reli, na sijapata kuona hati inayoeleza kwa nini mji wa maarifa usingeanzia hapo, penye shule, hospitali, soko na watu wanaojuana kwa vizazi.

Reli mpya ya SGR ilitupa somo la wazi kuliko yote. Ilifunguliwa 31 Mei 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Haikuchukua muda, agizo likatoka kwamba makontena ya kwenda bara yabebwe na reli na kushughulikiwa kwenye bandari kavu ya Nairobi. Waliolia kwanza walikuwa wenye malori. Waliofuata ni mawakala wa kutoa mizigo, na hawa ni watu wa maarifa hasa: wanajua kanuni za forodha, wanajua karatasi ipi huchelewesha meli ipi. Ofisi zao, wahasibu wao, vibanda vya chai nje ya ofisi zao vilikuwa Mombasa kwa sababu mzigo ulitolewa Mombasa. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini, Jumatatu baada ya Jumatatu. Vyuma havikubadilika hata nati moja, lakini Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudi bandarini, na mawakala wakaanza kupaka ofisi rangi upya. Anayeamua muhuri ugongwe wapi ndiye anayechora ramani.

Je, kuna mahali Pwani ambapo maarifa yalishuka yakakaa? Kilifi. Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza walianza utafiti wa malaria katika hospitali ya wilaya. Wakati huo ukitoka Mombasa ulifika Mnarani ukangoja pantoni. Daraja la Kilifi lilikamilika mwaka 1991. Watafiti hawakwenda Kilifi kwa ajili ya barabara au waya. Walikwenda kwa sababu malaria ya watoto ilikuwa pale, na maswali yao yasingeweza kujibiwa Nairobi ambako mbu wa malaria ni nadra. Mradi ukashikana na wodi ya watoto. Ukaanza kuwafuatilia wakazi, zaidi ya robo milioni, nyumba kwa nyumba. Wakapatikana wahoji wanaojua Kigiriama, mafundi maabara, wasimamizi wa takwimu, kisha madaktari wa Kikenya waliosomea shahada zao za uzamivu humohumo. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika huko pia. Chuo Kikuu cha Pwani kikaja kuota jirani.

Sitaki kuifanya Kilifi pepo. Kiwanda cha korosho kilichokuwa tegemeo la mji kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990, na mkulima wa Ganze hajaona senti ya uchumi wa maarifa. Maabara moja haiinui kaunti. Ila ni mfano wa kazi iliyokaa mahali kwa sababu swali lake liko mahali hapo. Mombasa nayo ina maswali yake, ya bandari, ya bima ya meli, ya uvuvi, na ina Chuo Kikuu cha Ufundi chenye mizizi katika taasisi ya Waislamu ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Bado mtaalamu wa sheria za bahari akihitajika, mara nyingi anapanda ndege kutoka Nairobi.

Tanzania inaingia katika mtihani huu sasa. Mkongo wa Taifa unaunganisha mikoa na kuvuka mipaka hadi Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, na udhaifu wake ulionekana tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika baharini siku moja na nchi ikabaki kutazama simu zisizofungua kitu. Lakini mtihani mkubwa uko Dodoma. Mji huo ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, na katikati ya hapo, mwaka 2007, kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na huenda huo ndio uamuzi wa busara kuliko mengine yote, maana kilitangulia kuleta watu kabla ya wizara. Kisha, katikati ya mwaka 2024, ikaja treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Safari ya basi iliyokula siku sasa ni saa tatu na nusu hivi.

Wengi wamechukulia kwamba treni hiyo inaijenga Dodoma. Inaweza. Inaweza pia kumwezesha ofisa ambaye kabla ya treni alilazimika kupanga nyumba Dodoma na kuhamisha watoto shule, sasa ahudhurie kikao chake cha asubuhi na kulala Dar es Salaam. Mshauri wa kampuni, mwanasheria, fundi wa mifumo, wote hawa wanaweza kuihudumia serikali ya Dodoma wakiwa na ofisi Masaki, Dar. Idadi ya abiria peke yake haitatuambia lolote. Treni itajaa kwa vyovyote. Mimi ningependa kuona tiketi za Ijumaa jioni na za Jumatatu alfajiri, zimegawanywa kwa upande wanakoelekea.